Bakteria wapenda tindikali wanavyostahimili metali nzito

Mto Río Tinto, kusini mwa Hispania, una maji mekundu kama juisi ya rozela. pH yake, yaani kipimo cha tindikali ambacho kadiri namba inavyopungua ndivyo ukali unavyozidi, ni kama 2.3, ukali wa maji ya limau, na kwenye ukali huo shaba, zinki na chuma huyeyuka na kubaki majini. Humo ndimo anamostawi bakteria aitwaye Acidithiobacillus ferrooxidans, anayepata nishati yake kwa kuoksidisha, yaani kuziondolea elektroni, chuma na salfa. Alielezwa mara ya kwanza mwaka 1947, kutoka maji ya migodi ya makaa ya mawe Marekani.

Bakteria wapenda tindikali ni wale wanaostawi penye pH ya 3 au chini yake. Kustahimili metali ni kuendelea kuishi na kuzaana pale ambapo metali ingeua viumbe wengine kwa kung'ang'ania protini zao na kuziharibu. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 2 za shaba kwa lita. Bakteria huyu, akizoeshwa, huhimili gramu 50 hivi kwa lita.

Kinga ya kwanza ni ya chaji: ndani ya seli kuna chaji chanya kuliko nje, hivyo ayoni (chembe zenye chaji) za metali, ambazo chaji yake ni chanya pia, husukumwa nyuma. Zinazopenya hutolewa na pampu zilizomo kwenye utando. Zebaki ina njia yake: kimeng'enya, protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, huigeuza ikawa mvuke, ikapaa.

Kuhusu kuhifadhi, huenda ukadhani bakteria hulimbikiza shaba ndani ya seli. Anachoweka akiba hasa ni fosfeti, iliyoungwa minyororo mirefu iitwayo polifosfeti. Ukimtazama kwa hadubini ya elektroni utaiona kama vidonge vyeusi ndani ya seli. Minyororo hiyo ina chaji hasi, kwa hiyo hunasa metali. Shaba ikizidi, kimeng'enya huikata minyororo hiyo vipandevipande, fosfeti hujishika na shaba, na vyote viwili hutolewa nje pamoja. Vidonge hupungua kadiri shaba inavyoondolewa.

Uganda imewahi kunufaika na uwezo huu. Kuanzia 1999, huko Kasese, bakteria wapenda tindikali waliwekwa kwenye matangi wayeyushe pairaiti (madini ya chuma na salfa) iliyobaki kutoka mgodi wa Kilembe, ili metali ya kobalti iliyomo itoke. Kila walivyofanya kazi, ndivyo maji waliyoishi yalivyozidi kujaa metali.