Maziwa Hayatoi Thina Mwilini: Maswali ya Wachapaji Fulana Kisumu

Kukiwa na mazishi Jumamosi, usiku wa Ijumaa vyumba vya kuchapa fulana Kondele na Kibuye havilali. Fundi anavuta skwiji, kile kibao cha mpira cha kusukumia wino, hadi alfajiri ili picha ya marehemu ikae kifuani mwa kila jamaa. Chumba ni kidogo, na mlango umefungwa kwa kuogopa wezi. Haya ndiyo maswali ambayo mafundi huniuliza mara kwa mara.

Nikisafisha skrini (wavu wa kuchapia) kwa thina, kile kiyeyushi cha rangi, kichwa huniuma, nikitoka nje napata nafuu. Ni uchovu?

Sio uchovu, ni mvuke. Thina nyingi zina toluini, ambayo hupita mapafuni ikaingia kwenye damu na kufika ubongoni. Ndiyo maana unahisi kizunguzungu na kichefuchefu, kama mtu aliyelewa. Usitulie eti hausikii harufu tena. Pua imezoea tu. Mvuke ungali pale pale. Ukiuvuta miaka mingi, unaweza kudhoofisha kumbukumbu.

Bosi hutununulia pakiti ya maziwa kila siku. Si yanaondoa sumu?

Hayaondoi. Maziwa yanakwenda tumboni, mvuke uko mapafuni na kwenye damu. Kunyweni, ni chakula kizuri, lakini pesa zinunue feni kwanza. Iwekwe dirishani ikipuliza nje, nawe usimame hewa safi ikitokea mgongoni. Funika mkebe wa thina kila unapomaliza kuchovya kitambaa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na jiko la makaa lililo kando ya ukuta linaweza kuuwasha. Barakoa kama zile za wakati wa Korona hazizuii mvuke hata kidogo. Inayosaidia ni ile ya mpira yenye vichujio vya mkaa.

Vidole vyangu vimekuwa vyeupe na vinapasuka. Nipake nini?

Kwanza acha kunawa mikono kwa thina. Najua wino wa plastisoli hautoki kirahisi, lakini thina inayeyusha mafuta ya ngozi pamoja na wino. Futa kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni na maji, halafu jipake mafuta mazito. Glavu nyembamba za mpira wa hospitali huvimba na kulegea zikiguswa na thina. Tafuta nene za naitrili, aina ya mpira wa viwandani, na zikilainika zitupe. Upele ukija baada ya kupaka dawa ya kuchoma skrini, ile inayoshika picha kwenye wavu ikipigwa na mwanga, soma lebo. Ikiwa ina kemikali iitwayo daikromati, iache: mzio wake ukishakupata, aghalabu haukuachi tena, na vumbi lake linaweza kuleta saratani ya mapafu. Dawa ya diazo inafanya kazi hiyo hiyo.

Nina mimba ya miezi miwili. Niendelee?

Dada, kaa mbali na thina. Toluini humfikia mtoto tumboni. Omba kazi ya kukunja na kufungasha, katika chumba kingine, na umweleze nesi wa kliniki unachotumia kazini. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Kuviomba si kiburi.

Mtoto amekunywa thina iliyokuwa kwenye chupa ya soda. Tumtapishe?

Msimtapishe! Akitapika, thina inaweza kuingia mapafuni. Msimpe maziwa wala mafuta. Mkimbizeni Russia, yaani hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, au hospitali yoyote iliyo karibu, na mbebe ile chupa.