Laminitisi: maumivu yako kwatoni, chanzo kiko kwingine

Laminitisi ni ugonjwa unaodhoofisha tishu zinazoushikilia mfupa wa mwisho wa mguu wa farasi ndani ya ukwato wake. Humpata farasi wa aina yoyote, hata punda na nyumbu (mnyama mwenye wazazi punda na farasi), lakini poni, yaani farasi wa asili fupi, ndio wanaouugua zaidi. Ni ugonjwa wenye maumivu makali mno, na wakati mwingine humlazimu daktari wa mifugo kumchoma mnyama sindano ya mwisho ili asiendelee kuteseka. Secretariat, farasi wa Marekani aliyeshinda mbio zote tatu kuu za taji mwaka 1973, alifikia mwisho huo tarehe 4 Oktoba 1989 kwa sababu ya ugonjwa huuhuu.

Ili kuuelewa, tuanze na mguu wenyewe. Farasi husimama juu ya kidole kimoja tu kwa kila mguu, na ukwato ndio ukucha wa kidole hicho. Mfupa ulio ndani haujakalia unyayo, ingawa wengi hudhani hivyo. Umening'inia. Kati yake na ukuta wa ukwato kuna mikunjo myembamba iitwayo lamina, ipatayo 550 hadi 600 katika kila ukwato, na kila mkunjo una vijikunjo vidogo zaidi ya mia moja. Mikunjo ya upande wa mfupa na ile ya upande wa ukuta huingiliana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana, na mshiko huo ndio unaobeba uzito wa mnyama. Miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito, ndiyo maana huathirika kwanza na kwa ukali zaidi.

Lamina zikilegea, mfupa hupoteza nanga yake. Uzito unausukuma chini, na wakati huohuo kano nene inayopita nyuma ya mguu inauvuta, hivyo ncha yake hugeuka kuelekea unyayoni. Kwa wengine mfupa mzima huzama. Hali ikifika mbali, ncha hiyo hutoboa unyayo. Tena ukuta wa ukwato ni mgumu na hautanuki, kwa hiyo kila uvimbe wa ndani hubana mishipa ya damu na ya fahamu. Anayemwona poni wake amelala chini mchana kutwa, hataki kuinuka, asiseme ni mvivu.

Chanzo chake kiko wapi? Hapa ndipo maarifa yamebadilika sana, na ndipo wafugaji wengi bado wanashikilia maelezo ya zamani. Kwa miaka mingi laminitisi ilielezwa kuwa ni uvimbe wa kwato unaotokana na tumbo: farasi anavunja ghala, anakula nafaka nyingi, chakula kinachachuka kwenye utumbo mpana, sumu inaingia kwenye damu na kuathiri lamina. Njia hiyo ipo kweli. Jike ambaye kondo la nyuma halijatoka saa chache baada ya kuzaa, au farasi mwenye kuhara kukali, anaweza kupata laminitisi kwa njia hiyo. Ipo pia ile ya mguu mmoja kubeba mzigo wa mwenzake. Farasi Barbaro, mshindi wa mbio za Kentucky Derby za Marekani Mei 2006, alivunjika mguu wa nyuma mwezi huohuo. Laminitisi iliyomfuata wakati wa matibabu ndiyo iliyommaliza Januari 2007.

Lakini wagonjwa wengi wanaoonekana malishoni hawana kuhara wala mguu uliovunjika. Wana insulini (homoni inayodhibiti sukari ya damu) nyingi mno mwilini. Mwaka 2007 watafiti wa Australia waliwapa poni wenye afya insulini mfululizo, huku wakihakikisha sukari ya damu yao haishuki. Poni hao walipata laminitisi ndani ya siku tatu. Hawakuwa na ugonjwa wa tumbo, wala hawakula nafaka kupita kiasi. Insulini peke yake ilitosha kuzilegeza lamina.

Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo muhimu kuliko yote ambalo mwenye poni anapaswa kulifahamu. Kuna wanyama ambao mwili wao hutoa insulini nyingi kupindukia kila wanapokula chakula chenye sukari au wanga. Mara nyingi ni wanene, shingo yao ya juu ina nundu ngumu ya mafuta, na kuna mafuta juu ya mbavu na kwenye shina la mkia. Asili za poni waliozoea nchi zenye malisho hafifu ziko hatarini zaidi, kwa kuwa miili yao imeumbwa kuhifadhi kila kidogo inachopata. Wapo pia wembamba wenye tatizo hilohilo, kwa hiyo jicho peke yake halitoshi. Daktari anaweza kupima insulini kwenye damu baada ya kumpa mnyama kipimo maalumu cha sukari.

Majira yanaingia kupitia nyasi. Jani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kuitumia kukua. Chochote kinachozuia ukuaji bila kuzuia jua huifanya sukari irundikane ndani yake. Ukilishika hilo, kalenda nzima ya hatari inajieleza yenyewe. Majira ya kuchipua yanajulikana na wote: nyasi changa ni tamu, ni nyingi, na poni hula bila kuinua kichwa. Wachache hukumbuka kwamba mvua za baada ya kiangazi huleta wimbi la pili la nyasi changa, lenye hatari ileile. Na asubuhi zenye baridi kali na jua angavu zinadanganya kuliko zote. Joto likishuka chini ya nyuzi 5 hivi, nyasi haikui, lakini jua likiwaka inaendelea kutengeneza sukari. Malisho yanaonekana mafupi na makavu, mwenye mnyama anatulia moyo, kumbe kila tonge la nyasi limejaa sukari. Nyasi iliyodumazwa na ukame au kukatwa mfululizo hadi ikabaki fupi iko hivyohivyo.

Kwa siku ya kawaida isiyo na baridi ya kugandisha, sukari huwa chini alfajiri na kupanda kadiri jua linavyoendelea, ikifikia kilele alasiri. Hivyo poni mwenye hatari ni bora achungwe usiku wa manane hadi asubuhi mapema, kisha aondolewe. Kupunguza saa peke yake hakutoshi, kwa sababu poni aliyezoea kufunguliwa muda mfupi hujifunza kula kwa pupa na kufidia sehemu kubwa ya alichokosa. Kifuniko cha mdomo chenye tundu dogo, kinachomruhusu kunywa maji na kupata majani machache machache, hufanya kazi vizuri zaidi. Watu humwonea huruma mnyama aliyevishwa. Mimi namwonea huruma zaidi asiyevishwa.

Msimu una athari nyingine iliyo ndani ya mwili. Baadhi ya farasi wazee, hasa waliopita miaka 15, hupata hitilafu ya tezi ya pituitari chini ya ubongo. Tezi hiyo humwaga homoni kupita kiasi, na kiwango chake hupanda kwa farasi wote kuanzia mwisho wa kiangazi hadi majani yanapopukutika. Kwa wagonjwa hupanda zaidi. Dalili inayojulikana ni manyoya marefu yasiyopukutika kwa wakati wake, pamoja na misuli ya mgongo kupungua. Lakini wengine dalili yao ya kwanza ni laminitisi katika majira hayo hasa. Farasi mzee anayeugua kwato bila sababu ya wazi anahitaji kupimwa homoni. Ipo dawa iitwayo pegolidi, ambayo hupewa kwa maisha yake yote na huwasaidia wengi.

Dalili za kwanza ni ndogo, na ndizo zinazookoa. Farasi hukata hatua fupi, hasa kwenye ardhi ngumu au anapogeuka. Anahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Gusa nyuma ya kifundo cha mguu, pembeni, penye mshipa wa damu: kwa mnyama mzima mapigo ni hafifu, huenda hata usiyapate, kwa mwenye laminitisi yanapiga kwa nguvu chini ya kidole. Ninasisitiza kila mwenye farasi ayatafute mapigo hayo mnyama akiwa mzima, kila siku, mpaka vidole vijue hali ya kawaida ikoje. Joto la ukwato lina maana ndogo kuliko watu wanavyofikiri, kwa kuwa kwato hupata joto na kupoa zenyewe mara nyingi kwa siku. Baadaye huja ule mkao unaojulikana: miguu ya mbele imenyooshwa mbele, uzito umeegemezwa visiginoni. Ukisubiri mkao huo, umechelewa.

Mpigie daktari siku hiyohiyo. Hii ni dharura. Usimtembeze. Ushauri wa kale wa kumzungusha ili damu itembee huchana lamina zilizokwisha kulegea. Mtoe kwenye nyasi, mweke mahali penye matandiko mazito ya maranda au mchanga hadi kingo za banda, ili unyayo wote upate kuegemea kitu laini. Kama ni laminitisi ya sumu, yaani alikula nafaka nyingi au ana ugonjwa wa tumbo au wa kizazi, kutumbukiza miguu kwenye maji ya barafu hadi karibu na goti kwa siku mbili au tatu mfululizo kuna manufaa makubwa, na kunafaa zaidi kukianza kabla hajachechemea. Barafu inayowekwa nusu saa na kuondolewa haisaidii. Daktari atatoa dawa ya maumivu, atapima damu, na atapiga picha ya eksirei kuona mfupa umekaa vipi. Picha hiyo ndiyo inayomwongoza fundi wa kwato akate wapi na aache wapi. Fundi asiguse kwato kwa kubahatisha.

Kuhusu chakula, kosa baya ni kumnyima kabisa. Poni mnene, na punda hata zaidi, akikaa bila kula, mafuta ya mwili humwagika kwenye damu na kuharibu ini, na hali hiyo huua upesi. Apewe nyasi kavu zenye sukari kidogo, kiasi cha asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku kama kianzio, zilizolowekwa maji kwa saa moja hivi na maji hayo kumwagwa. Kuloweka hupunguza sukari kwa kiwango kisichotabirika, hivyo nyasi zilizopimwa maabara na kuonyesha sukari na wanga chini ya asilimia 10 hadi 12 ni za kuaminika zaidi. Nafaka, molasi, tufaha na karoti za mapenzi, vyote viachwe. Punda nao waangaliwe kwa makini ya pekee, maana huficha maumivu; punda aliyetulia tu kimya akipunguza kula anaweza kuwa na kwato zinazomuuma vibaya.

Kupona huchukua muda ambao ukwato wenyewe unaupanga. Ukuta hukua kama sentimita moja hivi kwa mwezi, au pungufu, na upande wa mbele huhitaji miezi 9 hadi 12 kufanywa upya kutoka kwenye ngozi hadi chini. Unaweza kuona historia yake kwenye pete za ukwato: zikiwa pana kisiginoni na nyembamba mbele, laminitisi ilipita hapo, hata kama hakuna aliyeiona. Anayenunua farasi azitazame pete hizo kwanza. Na mnyama anayepona asirudishwe malishoni kwa sababu tu ameacha kuchechemea. Maumivu yanaweza kuisha kwa dawa wakati insulini bado iko juu. Aendelee na nyasi kavu hadi atembee vizuri bila dawa na kipimo cha damu kionyeshe insulini imeshuka, kisha apelekwe nje kidogo kidogo, akiwa na kifuniko mdomoni, na mapigo ya kifundo yakiguswa kila asubuhi.