Mtoto aliyezaliwa kwa shida atakuwa mtu mzima wa namna gani?

Mwanangu hakulia mara alipozaliwa, akawekewa oksijeni. Je, ndiyo basi tena?

Hapana. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na mwenzake Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, tangu wakiwa tumboni hadi wakafika miaka 40. Wengi walitoka katika familia za vibarua wa mashamba ya miwa. Ilionekana kwamba madhara ya uzazi mgumu yalipungua kadiri mtoto alivyokua, isipokuwa kwa walioumia vibaya sana. Kilichokuwa na uzito zaidi ni nyumba aliyolelewa.

Na kama nyumba yenyewe ina shida?

Hapo ndipo pagumu, na sitaficha. Watoto waliopata mikosi minne au zaidi kabla ya kutimiza miaka miwili, kama vile umaskini, uzazi wenye matatizo, ugomvi wa wazazi, ulevi au ugonjwa wa akili wa mzazi, theluthi mbili walikuja kusumbuka kimasomo, kitabia au kiakili. Theluthi moja walikua watu wazima imara, wenye kujiamini na huruma.

Hao waliwezaje?

Karibu kila mmoja alikuwa na mtu wake. Si lazima awe mama. Mara nyingi alikuwa bibi, shangazi, dada mkubwa au mwalimu, mtu aliyemkubali mtoto jinsi alivyo na asimkimbie. Mama unayejilaumu usiku, shika hilo: mtoto wako anaweza kulelewa na mikono mingi. Pia walikabidhiwa kazi za kweli nyumbani, kama kulea wadogo zao, wakajiona ni watu wa kutegemewa.

Kijana aliyeharibikiwa tayari?

Wengi waliovuruga ujana walitengemaa kabla ya miaka 40, kwa kurudi masomoni, kuingia jeshini, kupata mwenzi mtulivu au kushika dini.

Nianzie wapi na mwanangu?

Usiache kliniki, hata akionekana mzima. Mueleze mhudumu kwamba alichelewa kulia. Shingo isipokaza kufikia miezi minne, asipokaa mwenyewe kufikia miezi tisa, au viungo vikikakamaa au kulegea, mpeleke hospitali apimwe, maana mazoezi ya viungo husaidia zaidi yakianza mapema. Akipata degedege, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali mara moja.