Je, kwa nini kifaa cha kwenye ubongo humwonyesha asiyeona vinukta badala ya picha?

Fumba macho, kisha bonyeza polepole kona ya jicho juu ya kope. Utaona kiduara cha mwanga upande wa pili. Hakuna taa iliyowaka humo. Umeisukuma retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, nayo ikatuma ishara, na ubongo usiojua kutofautisha kidole na jua ukakuambia kuna mwanga.

Vifaa vinavyosifiwa siku hizi kwenye makundi ya WhatsApp hapa Nairobi, eti vitawarudishia watu macho, vinatumia mwanya huohuo. Kazi ya jicho ni kupokea. Kuona kwenyewe hufanyika kwenye ubongo, sehemu ya kisogoni, na sehemu hiyo ikiguswa kwa umeme kidogo, hata aliyepoteza macho yote mawili huona mwanga. Mwaka 1968, nchini Uingereza, Giles Brindley na Walpole Lewin walieleza jinsi walivyomwekea kwenye ubongo elektrodi 80, yaani vipande vidogo vya kupitishia umeme, mwanamke asiyeona wa miaka 52. Akaanza kuona vinukta vya mwanga.

Basi mtu atauliza: tangu 1968, mbona picha haijapatikana? Mitambo ya leo ina kamera kwenye miwani, kompyuta ndogo ya kuchambua picha, na elektrodi za kuufikishia ubongo umeme. Ungedhani elektrodi 60 zitatoa picha ya vinukta 60. Ubongo haufanyi kazi hivyo. Seli za kisogoni haziwaki na kuzima kama balbu. Nyingi husubiri kitu maalum, kama ukingo uliolala upande fulani au kitu kinachosogea. Halafu ukiwasha elektrodi nyingi kwa pamoja, vinukta huungana vikawa doa lisilosomeka. Na jicho moja lina neva yenye nyuzi kama milioni moja. 60 ni kitu gani mbele ya hizo?

Ujanja uliotangazwa Marekani mwaka 2020 ulinifurahisha. Badala ya kuwasha elektrodi zote kwa pamoja, watafiti waliziwasha moja baada ya nyingine, wakiichora herufi ubongoni kama unavyomchorea mtu herufi kiganjani kwa kidole. Wasioona wakazitambua, mmoja wao hadi maumbo 86 kwa dakika. Mwaka uliofuata, watafiti wa Elche, Hispania, walieleza habari za mwalimu wa zamani wa sayansi aliyekuwa haoni kwa miaka 16. Kwa miezi 6 alikaa na elektrodi 96 kwenye kibamba cha milimita 4 tu kila upande, akawa anatambua mistari, maumbo na baadhi ya herufi.

Sasa mpeleke mtu huyo Tom Mboya Street saa kumi na moja jioni. Vinukta vinaweza kumwambia kuna kitu kikubwa mbele yake. Kwamba ni matatu, na kwamba kwenye kioo imeandikwa 45, hilo bado. Kwa kazi hiyo fimbo nyeupe, pamoja na sauti ya makanga anayeita "Githurai! Githurai!", vinashinda kifaa chochote nilichokitaja.

Elon Musk anasema kifaa cha ubongoni cha kampuni yake ya Neuralink, kiitwacho Blindsight, kitawafaa hata waliozaliwa hawaoni, na kwamba siku moja kitaonyesha miale ambayo jicho la binadamu haliwezi kuiona. Hapo mimi nasita. Kwa aliyezaliwa haoni, sehemu ya kisogoni haikukua ikijifunza kuona. Ilipewa kazi nyingine, na huchangamka anaposoma Braille kwa vidole. Na ile habari ya Septemba 2024 kwamba Marekani "imekipitisha" kifaa hicho imetiwa chumvi. Kilichotolewa ni hadhi ya kuharakishiwa ukaguzi. Ruhusa ya kukiuza ni jambo jingine.

Tena wengi wanaotumiana hizo video wana mzazi mwenye mtoto wa jicho, na huyo hahitaji chochote ubongoni. Daktari huondoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka ya plastiki, mara nyingi kwa chini ya nusu saa. Presha ya macho ndiyo kesi tofauti: ikishaiua neva, hakuna tone la dawa litakaloirudisha, na ni watu kama hao ambao huenda siku moja wakafaidi.

Kwa sasa vifaa vya ubongo viko kwenye majaribio, kwa hiyo harambee ya kwenda kununua kimoja ng'ambo isianze. Na hata vikifika sokoni, swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: mkifunga kampuni, nani atakihudumia? Kampuni ya Second Sight ya Marekani ilikuwa imewawekea watu zaidi ya 350 kifaa cha retina kiitwacho Argus II. Mwaka 2019 iliacha kukitengeneza, mwaka uliofuata ikakaribia kufilisika, na wagonjwa wakabaki na mtambo jichoni usio na fundi wala vipuri.