Je, wajua Shaaban Robert aliikosoaje serikali iliyomlipa mshahara?

Filamu za maisha ya wasanii wanaovutana na dola zina mambo yake: polisi mlangoni, kamera inayotikisika, msanii kitandani hospitali. Ile ya Alison Klayman ya mwaka 2012 kuhusu Ai Weiwei wa China inayo yote hayo. Msanii anakusanya majina ya wanafunzi zaidi ya 5,000 waliofukiwa na shule zao katika tetemeko la Sichuan la 2008, anapigwa na polisi, na mwaka 2011 anawekwa kizuizini siku 81.

Mtu akitaka kutengeneza filamu ya namna hiyo hapa Tanga, juu ya Shaaban Robert, atapata tabu. Pingu hazipo. Kilichopo ni karani. Alizaliwa Vibambani mwaka 1909, akaingia forodha 1926 na kukaa huko hadi 1944, na kuanzia 1946 hadi 1952 alikuwa katika ofisi za utawala za Tanga. Mwaka 1951, bado akipokea mshahara wa Mwingereza, ndipo kilipotoka Kusadikika: hadithi ya nchi inayoelea hewani, ambayo wajumbe wake sita wanatumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wanarudi na mawazo ya kuifaa nchi, na malipo yao ni gereza. Mwandishi hakufungwa. Aliendelea kwenda kazini, na baadaye akavishwa MBE, nishani ya heshima ya Mwingereza.

Iliwezekanaje? Jibu linalopendwa barazani ni kwamba Wazungu hawakujua Kiswahili, kwa hiyo walisoma ngano za watoto huku Waswahili wakicheka pembeni. Ni jibu tamu, linampa Mswahili ushindi wa bure. Lakini halisimami.

Serikali ya Tanganyika iliwataka maofisa wake wa utawala wafaulu mitihani ya Kiswahili. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson, na kamusi iliyotoka 1939 kwa kazi ya kamati hiyo bado inafunguliwa na watafiti hadi leo. Kazi mojawapo ya kamati ilikuwa kupitia miswada ya vitabu vya shule na kusahihisha Kiswahili chake kabla ya kuipa kibali. Shaaban Robert mwenyewe alikuja kuwa mjumbe wa kamati ya Kiswahili. Hata kabla ya Mwingereza, Mjerumani aliendesha ofisi zake za pwani kwa Kiswahili, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa Berlin akiwafundisha Wajerumani lugha hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Ukoloni wenye mitihani, kamusi na kamati ya lugha hauwezi kusingiziwa ujinga wa lugha. Isitoshe, waziri mshitaki katika Kusadikika anaitwa Majivuno. Kuelewa kwamba mtu huyo hasifiwi hakuhitaji mkalimani.

Kwa hiyo walielewa, au angalau walikuwa na kila nyenzo ya kuelewa. Ufundi uko kwingine, na mwanamke yeyote wa Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, anaujua, kwa sababu ndio ufundi wa kanga. Majirani wawili wamekosana. Mmoja anakwenda dukani, anachagua doti iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", anajifunga, anapita na ndoo yake mbele ya baraza la mwenzake. Hajasema neno, lakini mtaa mzima umeshasoma. Yule wa barazani afanyeje? Akinyamaza, limempata na limepita. Akitoka kufoka, "Unanisema mimi?", amekwisha: amejitaja mwenyewe kuwa hasidi, tena mbele za watu. Na mvaaji ana jibu tayari: kanga nimenunua, nimependa rangi yake, maneno kayaandika mwenye kiwanda. Mzigo wote wa kuthibitisha umehamia kwa aliyelengwa.

Sasa mweke ofisa wa serikali pale barazani. Akitaka kitabu kifungiwe, inabidi aandike sababu kwenye faili. Nchi inayoelea hewani si Tanganyika. Humo hamna gavana, hamna Mwingereza, hamna Mwafrika. Ili hadithi iwe uchochezi, lazima kwanza mtu wa serikali aandike kwa mkono wake kwamba watawala wanaowafunga wenye mawazo mema wanafanana na waajiri wake, kisha atie saini. Sijui ni karani gani angependa kuchapa barua hiyo.

Linganisha na kilichotokea miaka saba baadaye. Mwaka 1958 Nyerere alishitakiwa kwa kashfa kwa sababu ya makala ya Sauti ya TANU yaliyowashutumu wakuu wa wilaya wawili. Pale walalamikaji walikuwa watu halisi wenye vituo vya kazi, na mahakama ikapata pa kushika: faini ya shilingi 3,000.

Fumbo peke yake halimalizi hadithi, lakini. Mtazame Karama, shujaa wa Kusadikika. Ameshitakiwa kwa kufundisha uanasheria, na anachoomba ni muda wa kujitetea. Siku sita anasimama barazani akisimulia, mjumbe mmoja baada ya mwingine, hata washitaki wanakosa la kujibu. Anashinda kesi, waliofungwa wanafunguliwa, na mfalme anabaki kuwa mfalme. Hakuna kiti kinachopinduliwa. Mtawala anaweza kukisoma kitabu hicho kama ombi la sheria bora, na pengine hivyo ndivyo kilivyosomwa. Mwandishi wake ndiye pia aliyetunga utenzi mrefu wa vita vya 1939 hadi 1945, na humo upande wake ni wa Mwingereza na wenzake. Wahakiki hawajakubaliana kama Kusadikika kinaulenga ukoloni au udhalimu wowote ule, na anayemwita mpinzani bila kusitasita anamvisha joho lisilomkaa sawasawa.

Tena fumbo linamlinda mtu pale tu ambapo serikali inaona haya, au inahitaji sababu ya kuandika. Ng'ambo ya mpaka, Mombasa, mshairi Abdilatif Abdalla aliliacha fumbo kando. Karatasi yake ya siasa, "Kenya: Twendapi?", ilisema wazi, na ikamfikisha gerezani kuanzia 1969 hadi 1972. Humo ndani akarudi kwenye fumbo, akiandika mashairi kwa siri juu ya karatasi za chooni. Mojawapo linamsema mamba anayejivunia nguvu zake mtoni kana kwamba hatakufa. Mamba ni nani, halisemi. Mashairi hayo yalichapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo ya fasihi, iliyobeba jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga: Tuzo ya Jomo Kenyatta.