Je, wajua kwa nini kaunti ya Mombasa haikarabati Fort Jesus?

Ukitembea barabara ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, jioni ukatokea pale Ngomeni, ukuta ule mkubwa uko mbele yako, lazima ujiulize huu ukimeguka nani anatoa hela za kuurudishia? Wengi watakwambia gavana, manake ngome iko Mombasa na Mombasa ina gavana wake. Sivyo, na sababu iko ndani ya Katiba yenyewe.

Katiba ya 2010 iligawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti kwenye Jedwali la Nne. Upande wa kitaifa, namba 25, wameandika majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa. Fort Jesus ililindwa kisheria tangu 1958, na mwaka 2011 UNESCO wakaitia kwenye orodha ya urathi wa dunia, kwa hiyo hapo hakuna ubishi, ni ya kitaifa na mlezi wake ni Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Hela ya kiingilio langoni inaenda huko, si kwa kaunti. Lakini sasa soma upande wa kaunti, namba 4, utakuta wamepewa shughuli za utamaduni na humo humo wametaja makumbusho, na Fort Jesus ni makumbusho tangu miaka ya 1960! Ndo mana watu wanachanganyikiwa, na siwalaumu.

Linganisha na Maasai Mara. Ile ni hifadhi ya kaunti, kiingilio kinakusanywa na Narok. Mgeni yule yule akitoka Mara akaja pwani, hela ya kuona simba imebaki kaunti, hela ya kuona ngome imeenda kitaifa.

Na hela za kuitunza ngome hii zimekuwa zikitoka mbali tangu zamani. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, wakanyang'anywa na Waomani 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu, halafu Waingereza wakaigeuza jela kuanzia 1895. Jela ilipofungwa 1958, waliotoa pesa za kuichimbua na kuifanya makumbusho ni wakfu wa Gulbenkian kutoka Lisbon, Ureno, yaani kule kule walikotoka wajenzi wa kwanza. Mimi hii huwa inanigusa sana.

Sasa kwa nini hela ziwe shida kila mara? Nenda karibu na ukuta, gusa sehemu ambayo lipu imepasuka. Utaona mawe ya matumbawe yana vitundu vitundu kama sponji, na ukipitisha kidole unga mweupe unabaki mkononi. Chumvi ya bahari inaingia na unyevu, jua likipiga inakauka ndani ya jiwe na kulimega kidogo kidogo. Chokaa ya kienyeji inaacha ukuta upumue, saruji inaziba, unyevu unakosa pa kutokea na jiwe linaoza ndani huku nje panang'aa. Kwa hiyo huwezi kumwita fundi yeyote na mfuko wa saruji, unataka fundi wa chokaa, na unamtaka kila mwaka. Na hapo ndo pagumu, kwa sababu hela kubwa ya mradi, kama ule ukuta wa kuzuia mawimbi uliojengwa chini ya ngome upande wa bahari, inaonekana na inaombeka, lakini hela ndogo ndogo za chokaa za kila mwaka ndo zinakuwa za kwanza kukatwa bajeti ikibana.

Kaunti nayo si kwamba haihusiki kabisa. Mitaro ya maji ya mvua, takataka, taa na barabara za Mji wa Kale ni kazi yake kwa Katiba hiyo hiyo, na maji yakituama chini ya ukuta wa matumbawe yanapanda juu polepole, hayajali mtaro ni wa nani na ukuta ni wa nani.

Njia ya kushirikiana ipo. Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali moja kuikabidhi nyingine kazi kwa makubaliano, na kinataka rasilimali za kuifanya zifuate. Kwa maoni yangu si lazima ngome yote ihamie kaunti, hata makubaliano ya fundi wa chokaa na mitaro tu yangesaidia sana.

Na kama unaishi Mombasa, makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa kufika bunge la kaunti si zaidi ya Aprili 30, na wananchi lazima wasikizwe kabla hayajapitishwa. Wakiita kikao nenda, uliza mitaro ya kuzunguka Ngomeni imetengewa shilingi ngapi.