"Fundi, nimeshaipiga msasa": dhana potofu kuhusu rangi ya fremu kuukuu ya baiskeli

Kuna sentensi moja ambayo mteja akiitamka mlangoni kwangu, najua kazi imeharibika kabla sijaiona: "Fundi, nimeshaipiga msasa kidogo nikupunguzie kazi." Hujanipunguzia kazi, ndugu yangu. Umeondoa kile kile nilichotaka kukiokoa.

Dhana: rangi iliyofifia imekufa, ikwanguliwe yote ipigwe mpya

Imani hii wanayo vijana waliorithi baiskeli za Raleigh za babu zao, na wanayo hata wazee waliozipanda zikiwa mpya. Fremu imekuwa ya kijivu, ukiipitishia kidole kinatoka na unga, basi hukumu imeshapita: msasa, kopo la rangi ya kupuliza, kesho iko barabarani.

Kijivu hicho ni ngozi ya juu tu, iliyochomwa na jua. Chukua kitambaa chenye maji ukipitishe sehemu moja. Weusi ukirudi na kung'aa pakiwa na maji, kisha ukafifia tena pakikauka, rangi yako ni nzima na inachotaka ni kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi ing'ae. Jaribio lenyewe halimalizi dakika, na bado watu wanakimbilia msasa.

Kinachoniudhi ni kwamba anayekwangua hajui anakwangua nini. Weusi ule wa kiwandani haukutoka kwenye kopo ukaanikwa uani. Ni enameli iliyookwa kwenye tanuri mpaka ikawa ngumu kuliko rangi yoyote utakayonunua dukani leo na kuiacha ikauke kwa hewa. Tena kwenye Raleigh nyingi za kiwanda cha Nottingham, Uingereza, za miaka ya 1950, chuma kilitiwa kwanza dawa ya fosfati kabla ya rangi. Matangazo yao yalijivunia kazi hiyo kwa jina la Spra-Bonderising. Fosfati ndiyo inayoishikisha rangi kwenye chuma, na rangi ikichunika mahali, ndiyo inayoizuia kutu isitambae chini kwa chini. Tabaka hilo huwezi kuliona kwa macho. Ukifika kwenye chuma cheupe, ujue umeshalipita.

Na sisi wa pwani tunajua chuma kitupu kinavyofanywa na hewa ya chumvi: ukilala nacho usiku mmoja, asubuhi kina wekundu. Juu ya wekundu huo mtu anapuliza rangi ya kopo, laini, ambayo mnyororo ukiigusa tu inabanduka. Baada ya muda vinatokeza vipele, ukivibonyeza unakuta unga mwekundu. Hapo ndipo naletewa. Nottingham waliacha kuunda baiskeli pale mwaka 2002, kwa hiyo hakuna pa kuirudisha ikaokwe upya kama ilivyokuwa.

Sijataja bado mistari ya dhahabu. Ile iliyozunguka mabomba na madigadi ilichorwa kwa brashi juu ya enameli, na mingi haina kinga ya maana. Maandishi na nembo ni stika nyembamba zilizofunikwa kwa vanishi ambayo sasa imekuwa ya manjano. Msasa hauachi kitu hapo. Hata kompaundi itavila vyote ukiwa na haraka, ndiyo maana mimi husimama kidole kimoja kabla ya kufika kwenye stika, na hapo nabaki na kitambaa chenye maji na sabuni. Umanjano wa vanishi niachie. Fremu ya miaka sabini yenye stika nyeupe pe inanitia shaka kuliko iliyochakaa.

La mwisho kuhusu msasa, na hili si la urembo. Rangi nyingi za zamani, hasa za kabla ya miaka ya 1970, zilitiwa madini ya risasi. Ukisugua kavu unayavuta puani, na vumbi linatua pale watoto wanapocheza. Kama kuna sehemu lazima isuguliwe, isuguliwe kwa maji, na tope lake lifutwe kwa kitambaa cha kutupa.

Mimi hufanya hivi. Navua magurudumu, mnyororo na keria. Naondoa vumbi kwa brashi laini, kisha naosha kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sabuni ya unga iache kwenye nguo: chembe zake zisipoyeyuka zinakwaruza. Grisi iliyoganda karibu na ekseli ya pedali nailainisha kwa tone la mafuta ya taa kwenye kitambaa, halafu naosha hapo hapo. Ikikauka, natumia kompaundi laini ya magari, eneo la kiganja kwa wakati mmoja. Kitambaa kitatoka cheusi. Usishangilie kwamba uchafu unatoka, ile ni rangi yenyewe iliyokufa. Mng'ao ukitokea, acha. Kila unachozidisha unakitoa kwenye rangi iliyo hai. Namaliza kwa nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini, mbali kabisa na moto. Wenzangu wananicheka, wao wana nta za magari za bei. Na wang'arishe, mimi sibadilishi.

Mengine yanayoletwa

"Coca-Cola inatoa kutu." Ina asidi ya fosfori kidogo, kwa hiyo kwenye kromu ya usukani, pamoja na karatasi ya foili, itasaidia. Kwenye rangi itakuachia sukari inayonata na sisimizi. Ndimu na ukwaju ni hivyo hivyo: vinafaa kwa shaba, lakini vikiachwa juu ya rangi iliyopasuka asidi inaingia chini ya kingo zake. Doa la kutu mimi nalichokoa kwa kijiti cha meno, natia tone la dawa ya kugeuza kutu, likishakuwa jeusi na kukauka naligusia enameli kwa brashi nyembamba.

"Rangi mpya inaua kutu." Inaificha.

"Ipake dizeli au oili chafu ing'ae." Itang'aa mpaka vumbi la kwanza lifike. Mafuta hayo yakidondokea tairi, mpira unavimba na kulegea.

"Kiwi nyeusi inatosha, rangi ni nyeusi na Kiwi ni nyeusi." Mwulize aliyekwenda nayo msikitini Ijumaa akiwa na kanzu.

"Moto wa tanuri ya rangi ya unga utalegeza viungo." Rangi ya unga, ile inayopulizwa kavu kisha ikayeyushwa tanurini, huokwa kwenye joto la nyuzi 200 hivi, shaba iliyounganisha mabomba haiyeyuki mpaka ikaribie 900. Sipendi rangi hiyo kwa fremu kuukuu, lakini sababu ni nyingine: ni nene, inaziba kingo za viungo na inafukia namba ya fremu.

"Nje ikiwa safi, fremu ni nzima." Maji ya mvua hupita kwenye bomba la kiti na kutuama chini, kwenye ekseli ya pedali, na kutu ya huko haionekani. Toa bomba la kiti, mimina mafuta masafi ya injini kidogo, igeuzegeuze fremu mpaka yaenee, kisha yachuruzike. Ila ukiiinamisha ukasikia magamba yakichakarisha ndani, au kidole kikibonyeza bomba likabonyea, weka polishi chini. Anza kwa mchomeleaji, ndipo uje kwangu.